Chunusi Zilizotafutiwa Mume

Chunusi ya kwanza ilinitoka kwenye paji la uso nikiwa darasa la sita, na kabla sijaijua mimi mwenyewe ilikuwa imeshaonwa na mama, na jirani wa mkono wa kushoto, na mke wa balozi wa nyumba kumi. Kioo cha nyumbani kilikuwa kimoja, cha baba cha kunyolea ndevu, na mtoto hakukigusa. Kwa hiyo habari za uso wangu nilizipata kisimani. Mke wa balozi alitua ndoo yake, akanishika kidevu kama anayekagua mbuzi wa kununua, akanigeuza kulia na kushoto, kisha akamwambia mama, "Huyu naye tayari. Zinataka mume hizi."

Wanawake wakacheka. Mama naye alicheka. Mimi sasa ni mtu mzima, nimezaa na nimezika, na bado nikikumbuka kicheko kile damu inanichemka.

Nieleze jambo hili vizuri, maana vijana wa leo huenda wasiniamini. Kwetu Kang'ata mvulana akitokwa na chunusi aliambiwa anakua, basi, akaachwa acheze mpira. Msichana zikimtoka, watu walisema damu yake imekomaa, imekosa pa kwenda, sasa inatafuta njia usoni. Dawa yake walisema ni moja. Dada yangu, aliyenizidi miaka miwili, alikuwa ameshapewa dawa hiyo. Alitolewa shule akiwa darasa la sita kama nilivyokuwa mimi sasa, mashavu yamemjaa vipele, akaozwa kwa mtu wa Mkata. Hakuna aliyempeleka zahanati. Hakuna aliyewaza zahanati, maana hakuhesabiwa kuwa mgonjwa.

Zamani tungeweza kujificha. Babu alikuwa na shamba lake mbali, nyumba yetu ilikuwa peke yake, na uso wa mtoto wa kike uliangaliwa na ndugu zake na mbuzi. Lakini wakati huo tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari miwili zikitazamana, mlango kwa mlango. Ukitoka kupiga mswaki, kijiji kizima kimekuona. Siwezi kukisema vibaya kijiji chote, kwa sababu ndicho kilichotuletea shule karibu, na ndicho kilichompeleka mama kwenye darasa la elimu ya watu wazima, alasiri, chini ya paa la ofisi, na daftari lake amelifunga ndani ya kanga. Lakini kiliufanya uso wangu uwe mali ya umma. Wazee waliokuwa wakijadili shamba la pamoja walitua kidogo nikipita, wakanitazama, wakaendelea.

Mama, maskini, alinipenda, na kwa kunipenda akaniharibu. Alikamua mafuta ya nyonyo kwa mikono yake. Alikaanga mbegu, akazitwanga, akazichemsha mpaka mafuta yakaelea juu, akayaengua taratibu kwa kata. Kisha akayachanganya na samli aliyobadilishana kwa mahindi na wanawake wa wafugaji, wale waliotoka mbugani na vibuyu vyao. Mchanganyiko huo ulikuwa sifa yake. Kila asubuhi alinisimamisha mlangoni akanipaka kuanzia paji la uso hadi shingoni, akisugua kwa viganja vyote viwili. Kwetu mtoto wa kike akipauka hawasemi ngozi yake ni kavu. Wanasema mama yake ni mvivu, au wanauliza kama mama yake yu hai. Hivyo nilikwenda shule nang'aa kama andazi lililotoka karaini, jua la Handeni likinipiga, na tulipolima shamba la shule vumbi lote jekundu lilikuja kukaa usoni kwangu.

Chunusi zikawa mbili, zikawa kumi, zikashuka mashavuni na kidevuni. Zilikuwa nyekundu, zenye usaha, zinauma hata nikitabasamu. Mama akaona ngozi inaomba mafuta zaidi. Akanipaka na jioni.

Dawa zilianza kumiminika, kila mtu na yake. Nilioshwa uso kwa maji ya mwarobaini. Nilipakwa ndimu na chumvi, machozi yakanitoka mpaka nikakimbilia nje. Nilipakwa manjano nikaenda shule na uso wa njano, na mwalimu akaniuliza kama nina ngoma siku hiyo. Mama mmoja wa wafugaji alimwambia mama aninawishe mkojo wa ndama, na mama alininawisha kweli, akiwa ameziba pua yake mwenyewe. Na baada ya kila dawa, nikishanawa na kukauka, mama alichukua kibuyu chake akanipaka mafuta, ili nisipauke. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeona tulichokuwa tukikifanya.

Baba hakuwa mtu mkali. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Angekuwa na sauti ya kutisha ningemchukia kwa urahisi. Yeye aliamua ndoa ya mtoto kwa sauti ileile aliyoamulia mahali pa kufunga mbuzi. Mwanzoni mwa mwaka nilioingia darasa la saba, shangazi, dada yake aliyeolewa Kwashemshi huko Korogwe, alikuja kututembelea, akaniona, akagonganisha viganja kwa mshangao.

"Kaka, huyu mnangoja nini?" alisema. "Kwetu kuna nyapara wa shamba la mkonge, kafiwa na mke, mtu wa heshima. Mtoto anateseka bure na damu yake."

Baba akaitikia kwa kichwa polepole, akakubali kwamba ni kweli, ninateseka.

Hapo mama alifanya kitu ambacho hakukifanya kwa dada yangu. Aliweka chini sinia, akapiga magoti mbele ya baba, akasema, "Baba watoto, mwalimu ameniambia kwenye darasa letu kwamba mtoto huyu atafaulu. Nipe muda nimtibu. Akipona, amalize mtihani, na akichaguliwa aende sekondari."

Baba alifikiri kidogo. "Mpaka mavuno ya masika," akasema. "Zikipona, basi zilikuwa ugonjwa. Zisipopona, tutajua zinataka nini."

Nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia kila neno. Shule yangu yote, hesabu zangu, ramani zangu, nafasi yangu ya pili darasani, vilikuwa vimewekwa juu ya vipele. Nilitaka kutoka niwaulize ni mwanamume gani aliwahi kufukuzwa shule kwa sababu ya uso. Sikutoka. Nilikuwa mtoto wa kike wa miaka kumi na tano na nilijua nafasi yangu, na kujua kwangu huko nako kunanikasirisha.

Shangazi akasema wamwachie mimi wakati wa likizo ya Pasaka, nikabadili maji na hewa, maana Kwashemshi kuna baridi na maji ya milimani ni laini. Alisema hivyo kwa upole kabisa. Mama akakubali, akanifungia mafuta yangu kwenye chupa.

Tulipanda basi Handeni, tukabadili Mkata. Pale stendi, katikati ya wanawake waliokuwa wakiuza mihogo ya kuchoma, nikamwona dada yangu. Sikuwa nimemwona tangu ajifungue. Alikuwa na mtoto mgongoni na ungo wa mihogo kichwani, na uso wake ulikuwa vilevile alivyoondoka nao nyumbani. Nakosea, ulikuwa umezidi. Chunusi zilimjaa mpaka masikioni, nyingine mbichi, nyingine zimeacha mashimo. Alimwamkia shangazi shikamoo, akanishika mkono, akatugawia mihogo miwili.

Shangazi aliukubali muhogo, akautafuna, huku akimtazama dada usoni kutoka karibu kabisa. Kisha basi likapiga honi, tukapanda, tukakaa, na kabla hatujavuka hata daraja akanigeukia akasema, "Usiwe na hofu, mwanangu. Ukiolewa tu zinakauka zenyewe."

"Na za dada?" nikauliza.

"Za dada yako zitakwisha akizaa wa pili."

Nilitazama nje ya dirisha njia nzima. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mwanamke aliyeolewa, aliyezaa, mwenye chunusi kuliko mimi, na shangazi alikuwa amemwona kwa macho yake, na bado alikuwa na jibu. Siku hiyo niliacha kuwaogopa watu wazima kwa namna nilivyokuwa nikiwaogopa. Niliendelea kuwaamkia, lakini kuwaamini niliacha.

Kwashemshi kulikuwa na baridi kweli na maji yalikuwa laini kweli. Lakini shangazi hakuyategemea maji. Alikuwa na sabuni aliyoletewa kutoka dukani Korogwe, imefungwa kwenye karatasi ya waridi yenye picha ya mwanamke mweupe. Inang'arisha, alisema. Alinipaka povu lake usoni, akaniambia niliache likauke, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza uso uliwasha. Siku ya pili uliwaka moto. Siku ya nne ngozi ilianza kuchubuka kwa vipande, macho yakavimba, na pale penye chunusi pakawa vidonda vinavyotoa maji.

Shangazi aliponiona asubuhi hiyo alishika kichwa. "Mungu wangu, na Ijumaa anakuja!"

Ndivyo nilivyojua kwamba nyapara alikuwa amealikwa kuja kuniangalia. Kubadili maji kulikuwa kisingizio. Na ndivyo nilivyopelekwa kwa daktari kwa mara ya kwanza. Sikupelekwa kwa sababu nalia kwa maumivu, maana nililia tangu siku ya pili. Nilipelekwa kwa sababu nimeharibika kabla ya kuonyeshwa.

Zahanati ilikuwa Korogwe mjini, chumba kimoja na benchi refu, watu wamekaa wamebanana mpaka nje. Daktari alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kisogo. Nilimwamkia, akanipeleka penye mwanga wa dirisha, akanitazama bila kunigusa.

"Unapaka nini usoni?" akaniuliza.

"Anapaka sabuni nzuri tu, daktari," shangazi akajibu.

"Namuuliza mwenye uso."

Katika mwaka mzima wa watu kuutazama uso wangu, huyo alikuwa wa kwanza kuniuliza swali. Nilimwambia yote: sabuni, ndimu, manjano, mkojo wa ndama, nyonyo na samli. Aliposikia nyonyo na samli aliinua mkono kunisimamisha. Akaniuliza napakwa mara ngapi, na kwa muda gani. Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyechoka lakini hana haraka, kwamba ngozi ya mtu anayekua inatoa mafuta yake yenyewe, mengi mno, wavulana na wasichana sawasawa. Vitundu vya ngozi vinaziba, uchafu unabaki ndani, vipele vinaota. Ukiongeza samli juu yake ni kama kuziba chujio kwa mashapo halafu ushangae chai haipiti. Ile sabuni akasema tuitupe chooni, tena leo.

Shangazi alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Haya, daktari. Lakini mimi naona dawa yenyewe ni aolewe tu."

Daktari akavua miwani. "Mama, wewe umeolewa?"

"Ndiyo, nimeolewa."

"Ulipoumwa malaria mara ya mwisho, mumeo ndiye aliyekuwa dawa?"

Benchi zima likaangua kicheko, hadi mzee mmoja aliyekuwa akitetemeka kwa homa. Shangazi alijifunika mdomo kwa kanga. Kicheko hicho, nakiri, kilinipoza kidogo.

Nilipewa dawa nyeupe ya kutuliza kwanza, mpaka vidonda vikauke, na kopo dogo la dawa ya kiberiti, ya njano, inayonuka kama yai viza, nianze kuipaka baadaye. Daktari akachukua kadi, akaandika kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, akasema ni kwa ajili ya watu wa nyumbani. Akapiga muhuri. Nikaiweka ndani ya daftari langu la sayansi.

Shangazi alinirudisha Kang'ata kabla ya Ijumaa. Tulipofika, baba na mama walikaa kusikiliza, na yeye akaeleza safari yote vizuri sana. Uso ulichubuka kwa sababu ya baridi ya milimani. Daktari alisema damu imezidi. Nyapara bado anangoja.

"Daktari hakusema hivyo," nikasema.

Baba akanitazama. Kumkatisha shangazi mbele ya baba, huo ulikuwa ujasiri ambao hata mimi sikujua ninao. "Nyamaza," akasema.

Sikunyamaza, wala sikusema tena. Nilichomoa kadi kwenye daftari. Ningeisoma mimi wangesema najitungia. Baba alisoma Kurani, lakini herufi hizi hakuzijua, na shangazi hakujua zozote. Nikampa mama.

Mama alikuwa na miezi minane kwenye darasa lake. Aliishika kadi kwa mikono miwili, akaiwekea kidole. Alisoma kama walivyofundishwa, silabi kwa silabi, kwa sauti, midomo ikitangulia.

"A-si-pa-kwe ma-fu-ta yo-yo-te u-so-ni."

Alitua. Akairudia mwanzo mpaka mwisho, sasa kwa mkupuo mmoja, na nikauona uso wake unabadilika. Kama mtu angemwambia maneno hayo kwa mdomo angegomba. Angesema daktari gani huyo anayetukana mafuta yake. Lakini haya aliyatoa mwenyewe kwenye karatasi, herufi kwa herufi, hakuna aliyemtilia mdomoni. Akaendelea. Anawe kwa sabuni ya kawaida, asubuhi na jioni. Apake dawa ya njano jioni. Asitumbue. Miezi mitatu, asikate tamaa. Kidole kikafika mstari wa mwisho.

"Ku-o-le-wa si da-wa."

Baba akanyoosha mkono, akaichukua kadi, akaigeuza, akautazama muhuri wa zambarau. Karatasi yenye muhuri ndiyo iliyotutoa kwenye shamba la babu na kutuleta kwenye mistari miwili ya nyumba, kwa hiyo nguvu yake aliijua. "Nilisema mavuno," akasema hatimaye. "Mavuno ndiyo yataamua." Akairudisha kwa mama.

Mama alibaki ameishika. Alikuwa anatazama ule mstari wa mwisho, na nilidhani anaurudia kimoyomoyo kujifunza. Nilikuwa mjinga. Alikuwa na mtoto mwingine Mkata.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya vita. Uso bila mafuta ulipauka mpaka ukawa na magamba pembeni mwa mdomo. Wiki za mwanzo chunusi zilizidi. Shuleni waliniita Kiberiti, na anayekaa nami dawati moja alihamia dirishani kwa sababu ya harufu. Mtaani walimsema mama. Walisema amenisusa, walisema ananifanyia kisirani kwa kuwa nimekataa mume. Mke wa balozi alikuja mlangoni na chupa ya mafuta mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili, "Nimewaletea kidogo, najua siku hizi mambo ni magumu." Mama alimshukuru, akamrudishia chupa yake ikiwa imejaa, akafunga mlango. Nilimpenda siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

Lakini hata yeye alichoka. Siku ya maulidi ya kijiji aliniita ndani, nimevaa gauni langu safi, nikamkuta na kibuyu. Machozi yanamlengalenga. "Leo tu, mwanangu," akasema. "Watu wote watakuwepo. Wataniona mimi ni mama wa namna gani?" Akachota mafuta kiganjani. Nikaupiga mkono wake kwa nguvu zangu zote. Kibuyu kikaanguka, mafuta yakamwagika, yakanywewa na sakafu ya udongo. Mtoto kumpiga mama mkono, kwetu hilo halina jina. Nilingoja anichape. Alichukua majivu akayamwagia pale penye mafuta, akafagia, tukaenda maulidi mimi nikiwa nimepauka kama gogo. Sikumwomba radhi siku ile, na nilipokuja kutaka kumwomba alikuwa ameshafariki.

Mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha, niligundua kwamba kwa wiki nzima hakijaota kipele kipya. Nilikuwa napukuchua mahindi, nikajifuta jasho la uso kwa mkono, na uso haukuuma. Nilijipapasa tena kuhakikisha. Vilivyobaki vilikuwa madoa meusi na mashimo mawili shavuni, ambayo ninayo hadi leo. Baba aliniita uani, mchana kweupe, mahindi yamelundikwa nyuma yake. Alinitazama muda mrefu.

"Basi," akasema. "Asome."

Akainuka akaenda kuangalia mbuzi. Mwaka wa kushindana, na ilimchukua maneno mawili. Hakusema tulikosea. Mke wa balozi alipita siku hiyohiyo, akaniona, akasema, "Si mnaona? Lilikuwa joto la mwili tu, mimi nilisema." Wanawake wakamwitikia kwamba ni kweli, alisema. Nilitamani kumtupia gunzi.

Wiki hiyo dada alikuja kutusaidia kazi ya mavuno, mtoto mgongoni, wa pili tumboni. Tulikaa pamoja tukipukuchua, naye akawa hatazami mahindi, anatazama uso wangu.

"Umefanya nini, mdogo wangu?"

Nikamwambia. Alinisikiliza bila kunikatiza, akauliza, "Na mafuta?" Nikasema aache kabisa, hata watu wakimsema. Nikampa kopo langu na dawa iliyobaki, na nikamwonyesha kiasi cha kupaka. Mama alikuwa karibu nasi, anapepeta. Wakati wote huo hakumtazama dada usoni. Tangu ile kadi isomwe hakuwa amemwona dada, na sasa aliongea naye huku anaangalia mtoto.

Dada akarudi Mkata. Kopo lilipokwisha alimtuma mumewe Korogwe akamletea jingine, na nasikia mama mkwe alilalamika sana kuwa mkwe wake amepauka. Mimi nikafanya mtihani.

Alikuja tena mwishoni mwa mvua za vuli, mtoto wa pili mikononi, ana wiki chache. Mimi nilikuwa nimeshachaguliwa, nashona sare. Mama alikuwa uani anamenya mihogo. Dada akaamkia, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka mbele ya mama, karibu kabisa, mahali ambapo mama asingeweza kumkwepa. Uso wake ulikuwa safi. Ulikuwa na mashimo mengi kuliko wangu, lakini hapakuwa na kipele hata kimoja. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Alimlaza mtoto mapajani, akapitisha kiganja shavuni mwake mwenyewe, taratibu, akapitisha na upande wa pili.

"Kumbe ilikuwa hii tu, mama?"

Mama alichukua muhogo mwingine. Aliendelea kumenya. Alipomaliza ganda akaendelea kuukata ule muhogo, kipande kwa kipande, mpaka mkononi mwake hakukubaki kitu ila kisu.